Kitenzi Kilichofika Feri

Mabasi ya mwendokasi yanayotoka Kimara huishia Kivukoni, pembeni mwa maji ya bandari ya Dar es Salaam. Jirani na hapo lipo soko la samaki la Magogoni, ambalo wachuuzi, makonda na mama lishe hawaliiti hivyo. Wao husema Feri: samaki wa Feri, daladala za Feri, bei za Feri. Anayetaka kuvuka kwenda Kigamboni atasema anapanda pantoni, na kwenye karatasi za serikali chombo hicho hicho kitaandikwa kivuko.

Kati ya maneno hayo matatu, kivuko ni letu. Limenyambuliwa kutoka kuvuka. Pantoni asili yake ni neno la Kilatini la daraja, likapitia Kifaransa na Kiingereza. Feri ndilo lenye kisa kirefu. Limetoka katika Kiingereza, ferry, nalo ni tawi la kitenzi cha kale cha kusafiri ambacho lugha za ukoo wa Kigermaniki (Kijerumani, Kiingereza, Kiholanzi, Kiswidi, Kiaislandi na nyinginezo) zimekirithi, kila moja ikakigeuza itakavyo.

Ni kugeuza huko kunakowachanganya watu. Anayejifunza Kijerumani huambiwa wiki za mwanzo kwamba fahren ni kwenda kwa chombo, na gehen ni kwenda kwa miguu. Akifungua kamusi ya Kiingereza kumtafuta ndugu wa fahren, anakuta fare, na maana yake ni nauli. Akishuka mistari michache anakuta ni chakula. Akivuka mpaka kuingia Uholanzi, varen ni kusafiri majini. Huko Iceland fara ni kwenda tu, kwa namna yoyote ile. Na barabarani Sweden neno fart, lililotoka kwenye shina hilo hilo, ni mwendo wa gari. Swali hujileta lenyewe: kitenzi hiki kilikuwa na maana gani hasa kabla ya watoto kugawana urithi?

Kwanza tuitoe safari njiani

Wapo wanaodhani jibu liko karibu kuliko tunavyofikiri, kwa kuwa ndani ya safari mna sauti za fari. Dhana hiyo haina mguu wa kusimamia. Safari imetoka katika Kiarabu, safar, na uti wake ni konsonanti tatu, s, f na r, zisizotenganishwa. Ile s si kiambishi kinachoweza kupachuliwa. Upande wa pili, f ya fahren haikuwa f tangu mwanzo. Ilikuwa p, kama tutakavyoona. Maneno mawili yamekutana sura ukubwani, baada ya kuzaliwa mbali kabisa.

Uhusiano wa kweli uliopo ni wa kukopeshana. Kiingereza kilichukua safari kutoka Kiswahili katika karne ya 19, na leo neno hilo limo katika Kijerumani na Kiswidi pia. Ajabu ni kwamba Mjerumani anayekuja Serengeti na kukaa siku nne ndani ya gari husema auf Safari gehen, yaani anatumia kitenzi cha miguu. Kanuni ya wiki ya kwanza darasani imeshaanza kuvuja.

Mfanano wa kubahatisha umewakosesha hata wenyeji wa kaskazini. Visiwa vya Faroe vinaonekana kama vinabeba fara, lakini maelezo yanayokubalika ni kwamba jina lake ni visiwa vya kondoo. Kisiwa cha Fårö, kando ya Gotland nchini Sweden, ni kinyume chake: Mswidi wa leo akilisoma jina hilo anaona kondoo, ilhali wengi wanaochunguza majina ya mahali hulihusisha na kusafiri.

Kutoka p hadi f

Lugha za Kigermaniki ni kundi moja ndani ya familia kubwa ya Kihindi-Kiulaya, pamoja na Kigiriki, Kilatini, Kiajemi na Kisanskriti. Lugha mama ya familia hiyo haikuandikwa. Tunaijua kwa kulinganisha wazao wake, kama vile mtu anavyoweza kukisia sura ya babu kwa kuwapanga wajukuu mstari mmoja.

Mwaka 1818 Mdenmark Rasmus Rask alionyesha kwamba sauti za lugha za Kigermaniki zinatofautiana na za Kigiriki na Kilatini kwa utaratibu, si kiholela. Mwaka 1822 Jacob Grimm aliupanga utaratibu huo ukawa kanuni inayobeba jina lake. Palipo na p katika Kilatini, Kigermaniki kina f. Baba ni pater kwa Kilatini na father kwa Kiingereza. Samaki ni piscis na fish. Mguu ni pes (shina lake ped-) na foot.

Tukikipeleka fahren kinyumenyume kwa kanuni hiyo tunafika kwenye mzizi unaoandikwa per-, wenye maana ya kuvuka au kutokea upande wa pili. Wazao wake wametapakaa. Kigiriki kina poros, njia ya kupitia au mahali pa kuvukia. Kilatini kina portus, bandari. Daraja kwa Kiajemi cha leo ni pol, neno lililotoka kwenye mzizi huo huo. Kiingereza kina ford, mahali mto unapovukika, na Kijerumani kina Furt.

Hapa ramani inaanza kuzungumza. Frankfurt ni kivuko cha Wafranki. Oxford ni kivuko cha ng'ombe. Mlangobahari wa Bosporus pale Istanbul, kwa Kigiriki, nao ni kivuko cha ng'ombe, na poros iliyo ndani yake ni ndugu wa ford iliyo ndani ya Oxford. Majina mawili yaliyo maelfu ya kilomita mbali yamejengwa kwa mzizi mmoja na wazo moja.

Pwani yetu haikuachwa. Kutoka poros Wagiriki walipata emporion, kituo cha wafanyabiashara wasafiri, na kitabu cha mabaharia cha karne ya 1 kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea kinaitaja Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania, kwa cheo hicho hicho. Na yeyote mwenye pasipoti anatembea na portus mfukoni.

Jacob Grimm hakuishia kwenye kanuni. Yeye na mdogo wake Wilhelm, hao hao wa hadithi za watoto, walianza mwaka 1838 kamusi ya Kijerumani ambayo ilikamilika zaidi ya miaka 120 baadaye. Wilhelm alifariki mwaka 1859 akiwa amemaliza herufi D. Jacob aliendelea na E, akaingia F, na mwaka 1863 kifo kikamkuta kwenye neno Frucht, tunda. Fahren alikuwa ameshalipita: lipo katika juzuu la 1862, kwa mkono wake mwenyewe. Si kila kitenzi hupata bahati ya kuelezwa na mtu aliyeipanga kanuni inayoonyesha f yake ilitoka wapi.

Hoja ya kwanza: kilikuwa kitenzi cha kuvuka

Wanaoshikilia kwamba maana ya kwanza ni kuvuka, hasa kuvuka maji, wana ushahidi wa kutosha mkononi. Ford, Furt, portus na poros wote wanasimama kwenye ukingo wa maji. Fjord ya Norway inawekwa katika ukoo huo huo. Kigothi, lugha ya Kigermaniki yenye maandishi marefu ya zamani kuliko zote, kina farjan, na katika Injili zilizotafsiriwa na askofu Wulfila karne ya 4 neno hilo hutumika wanafunzi wanapokuwa ndani ya chombo ziwani, kwa mfano Yohana 6:19. Kiholanzi cha leo, varen, kinaonekana kuwa shahidi wa mwisho wa maana hiyo.

Nguvu ya hoja hii iko kwenye mzizi. Udhaifu wake uko kwenye kitenzi chenyewe. Maana ya kuvuka imehifadhiwa vizuri na nomino, lakini hakuna lugha ya Kigermaniki ambamo faran, fara au fahren peke yake humaanisha kuvuka. Ukitaka kusema umevuka mto kwa Kijerumani lazima uongeze kitu. Babu alikuwa mvukaji, sawa, ila hiyo haithibitishi kwamba mtoto aliirithi kazi yake.

Na shahidi wa Kiholanzi anaanguka akihojiwa. Katika Kiholanzi cha Zama za Kati varen kilikuwa kwenda na kusafiri kwa jumla, nchi kavu na majini. Kubanwa kwenye maji kulikuja baadaye.

Hoja ya pili: kilikuwa kitenzi cha kwenda popote

Kambi ya pili inaanzia pale pale kwa Wulfila, ila kwenye ukurasa mwingine. Luka 10:7, Yesu anawaagiza wafuasi anaowatuma mijini wasihamehame kutoka nyumba moja hadi nyingine. Kigothi hapo kinatumia faran. Hakuna mashua, hakuna farasi, hakuna gurudumu. Kuna watu wenye vumbi miguuni wanaobisha hodi. Tena Kigothi kilikuwa na kitenzi cha kawaida cha kwenda, gaggan, na mfasiri hakukichagua.

Kiingereza cha Kale kinaongeza uzito. Katika Kumbukumbu za Mwaka za Waanglo-Saksoni, majeshi ya Wadenmark yanayozunguka Uingereza karne ya 9 huelezwa tena na tena kwa faran, wawe wamepanda farasi, wanatembea au wamo melini. Jeshi la wananchi lenyewe liliitwa fyrd, neno la ukoo huo. Warfare ya leo, yaani vita, ni kwenda vitani tu, msafara. Kiaislandi, ambacho kimehifadhi mambo mengi ya kale, bado kinatumia fara kwa mwendo wa aina zote: kwenda shule, kwenda ng'ambo, kwenda kulala.

Hoja hii ina tatizo lake. Ushahidi wa Kigothi unatoka kwenye tafsiri iliyofuata Kigiriki hatua kwa hatua, na katika mstari huo neno la Kigiriki lina wazo la kuhama kutoka hapa kwenda pale, zaidi ya kwenda tu. Huenda Wulfila alikichagua faran kwa sababu gaggan kilikuwa chepesi mno. Basi kusema kitenzi kilimaanisha kwenda, nukta, ni kukipunguza. Kilikuwa na umbali ndani yake.

Hoja ya tatu: kilikuwa kitenzi cha chombo

Hii ndiyo hoja ya vitabu vya kiada. Ina faida moja kubwa: inafanya kazi mtihanini. Ukisema Ich fahre nach Berlin umesema unakwenda Berlin kwa gari, treni, basi au baiskeli, na hukusema nani anaendesha. Ndege imejitenga na kitenzi chake, fliegen. Lakini mtumiaji wa puto la hewa moto atakusahihisha haraka: puto halirushwi kwa fliegen, husemwa fahren, na wapenzi wa mchezo huo wanalishikilia hilo kama sheria.

Kama maelezo ya asili, hoja hii ni dhaifu kuliko zote. Ford ni mahali unapovuka bila chombo, maji yakiwa magotini. Wachimba madini wa Ujerumani walitumia fahren kwa kushuka shimoni hata waliposhuka kwa ngazi, na ngazi hiyo waliiita Fahrte. Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana ni Himmelfahrt, safari ya mbinguni, na hakuna aliyewahi kuuliza ilikuwa kwa chombo gani.

Hata ule upande wa gehen hauko safi. Mwanafunzi Mswahili akisema Ich gehe nach Deutschland, mwalimu humkosoa kwamba amesema anatembea kwa miguu hadi Ujerumani. Kwa kweli Mjerumani akiisikia sentensi hiyo hafikirii viatu. Atadhani mtu huyu anahamia, anakwenda kuishi au kufanya kazi. Na anayepanda basi kwenda sinema husema gehen bila wasiwasi, kwa sababu kinachotajwa ni kuhudhuria. Kiswahili kina kwenda kimoja kwa yote haya, kisha humwachia msikilizaji ajaze. Ndiyo maana kosa hili huwashika Waswahili kirahisi, na ndiyo maana kulisahihisha kwa kanuni ya miguu na magurudumu hakutoshi.

Wapinzani walivyokibana

Tukizipima hoja tatu, ya pili ndiyo yenye uzito, ila ikubali kuazima kitu kutoka ya kwanza. Kitenzi cha kale kilitaja kwenda kunakomtoa mtu alipo na kumfikisha upande mwingine, kukiwa na masafa au kizuizi katikati. Chombo hakikutajwa. Nafasi ya chombo ilikuwa wazi, na kila jamii iliijaza kwa kile ilichokuwa nacho, kulingana na vitenzi vingine vilivyoachwa sokoni.

Jambo hili la vitenzi vingine ndilo wachambuzi wengi hulipita mbio, nalo ndilo sababu. Neno halibadiliki peke yake. Linasukumwa na majirani.

Uholanzi ni nchi ya mifereji. Huko rijden kilishika farasi, mkokoteni na baadaye gari, gaan kikachukua kwenda kwa jumla, varen kikabaki na maji, na maji hayakuwa machache. Nchini Ujerumani, reiten kilibanwa juu ya mgongo wa mnyama, kwa hiyo magurudumu yakaangukia kwa fahren. Karne ya 19 ilipoleta treni, kitenzi kilikuwa tayari kimekaa barabarani, kikapokea tiketi (Fahrkarte), ratiba (Fahrplan) na baiskeli (Fahrrad). Nchini Sweden, åka kinaendelea kukipokonya fara kazi ya kusafiri kwa chombo, ingawa Waswidi wa Finland bado wanakitumia kwa uhuru. Wadenmark wamekifanya kasi: fare kwao ni kukurupuka, kutimka.

Kiingereza ndicho kilichokinyanyasa zaidi. Go kilishika kwenda. Ride na drive vikashika vyombo. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilileta journey, mwendo wa siku moja, na travel, ambayo kwa asili ni kutaabika kazini. Kitenzi cha kale kikakosa pa kukaa. Kilikuwa cha kundi linalobadili irabu kuonyesha wakati uliopita, faran na fōr, kama Kijerumani kinavyosema hadi leo fahre na fuhr, na Kiaislandi fara na fór. Kiingereza kikaliacha hilo nalo, kikasema fared, kama kwa kitenzi kisichotumika sana. Leo fare kama kitenzi kinaishi kwa hisani: mtu aliendeleaje kwenye mtihani, timu ilifanyaje ugenini. Maana ya kusafiri imejificha ndani ya maneno yaliyoganda. Farewell ni usafiri vyema. Thoroughfare ni barabara inayopenya. Seafarer ni baharia.

Ferry yenyewe ina mzozo mdogo. Kitenzi chake, kuvusha, ni cha Kiingereza cha Kale, ferian, mtoto wa faran. Nomino, chombo chenyewe, wengi huona ilitoka kwa Waskandinavia, ferja, waliokaa mashariki ya Uingereza. Vyovyote iwavyo ni damu moja, na pale Magogoni haijabadilisha bei ya changu.

Kwenda kunakozaa

Mswahili ana bahati ya kuuelewa ukoo huu bila kuhangaika sana, maana kitenzi chake mwenyewe cha kwenda kimezaa watoto wanaofanana nao mno.

Chukua kauli ya kutendesha. Kutoka -enda tunapata -endesha: kuendesha gari, kuendesha kikao, mwendesha bodaboda, mwendesha mashtaka. Kigermaniki kilifanya hivyo hivyo. Mtoto mmoja wa kutendesha ni yule farjan wa Kigothi na ferian wa Kiingereza, kuvusha watu. Mwingine ni führen cha Kijerumani, kufanya wengine waende, yaani kuongoza. Leseni ya udereva ni Führerschein. Cheo cha Führer chenyewe, baada ya 1945, Wajerumani hukikwepa kwa sababu zinazojulikana, lakini leseni wanaisasisha bila kusita.

Chukua mwendo. Kwetu ni kwenda, kisha ukawa kasi: punguza mwendo, mwendokasi. Fart cha Kiswidi kimepita njia hiyo hiyo. Tuta la barabarani huko huitwa farthinder, kizuia mwendo, na watalii wanaosema Kiingereza hulipiga picha wakicheka, kwa sababu kwao neno hilo ni la chooni. Watalii hao hao ndio wanaosemekana kushangaa jinsi mji wa Ausfahrt ulivyo mkubwa, hata kila barabara kuu ya Ujerumani ina kibao cha kuuelekea. Ausfahrt ni njia ya kutokea.

Chukua mwenendo. Tanzania ina Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Mjerumani akitaka kutaja utaratibu wa kesi husema Verfahren, na ndani yake kuna fahren kama ndani ya mwenendo kulivyo na -enda. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Mahakama ni jambo linalokwenda hatua kwa hatua, na lugha mbili zililiona hivyo kila moja kwa macho yake.

Kisha kuna maendeleo, kutoka -endelea. Kiingereza kina welfare, Kijerumani Wohlfahrt, Kiholanzi welvaart: kwenda vyema. Tofauti ya vionjo inafaa kuangaliwa. Welfare imeinama kuelekea msaada wa serikali kwa wasiojiweza, welvaart ni neema ya nchi nzima, na maendeleo yetu bado yana mtu anayepiga hatua mbele. Mababu kwa Kijerumani ni Vorfahren, waliosafiri mbele. Nasi husema waliotutangulia, kwa kitenzi kingine lakini kwa picha ile ile ya njia moja na zamu.

Erfahren ni mtoto wa kutazamwa kwa karibu. Katika Kijerumani cha kale kilikuwa kusafiri na kupita mahali hadi mwisho. Kikageuka kuwa kufahamu jambo kwa kulipitia, na nomino yake, Erfahrung, ndiyo tajriba au uzoefu. Anayesema tembea uone ameshika mlango huo huo.

Hatari: ndugu au jirani?

Hapa wataalamu wanagawanyika kweli. Kijerumani kina Gefahr, hatari; Kiholanzi gevaar; Kidenmark fare; na fear cha Kiingereza, hofu, zamani kilimaanisha janga la ghafla. Kwa sikio, yote haya ni watoto wa fahren. Je, safari na hatari ni kitu kimoja?

Wanaosema ndiyo hutazama nje ya Kigermaniki. Kilatini kina periculum, hatari, na experiri, kujaribu, ambacho kilizaa maneno ya Ulaya ya uzoefu na majaribio. Kigiriki kina peira, jaribio. Yote yana per-. Kuvuka mto ni kujaribu, na kujaribu ni kujihatarisha. Picha inajikamilisha yenyewe.

Wanaosema hapana wanatazama historia ya maneno. Gefahr cha Zama za Kati kilikuwa kuvizia, hila, nia mbaya ya anayekunyemelea; hakikuanzia kwa msafiri. Irabu zake nazo zinatoka kwenye shina tofauti. Kamusi kubwa ya mizizi aliyoichapisha Julius Pokorny mwaka 1959 inaorodhesha per- kadhaa, ya kuvuka mbali na ya kujaribu, na kuacha mlango wazi kidogo kwamba nyuma kabisa zilikuwa moja.

Mlango huo haufai kusukumwa. Undugu wa Erfahrung na fahren unaonekana kwenye maandishi, karne baada ya karne. Undugu wa Gefahr na fahren unakaa kwenye giza la kabla ya maandishi, na uzuri wa picha si ushahidi. Mhubiri au mhamasishaji anayewaambia watu kwamba kwa Wajerumani kusafiri na hatari ni neno moja anauza samaki asiyemvua.

Nauli

Inabaki fare ya konda. Katika Kiingereza cha Kale nomino hii ilikuwa safari yenyewe. Kuelekea mwisho wa Zama za Kati ikawa gharama ya safari, na katika teksi za leo hata abiria mwenyewe huitwa fare. Tawi jingine lilitoka kwenye maana ya kuendelea: unavyoendelea, unavyotunzwa, hatimaye unavyolishwa. Ndipo fare ikawa pia chakula mezani.

Nauli imesafiri upande wa pili. Kiswahili kimeipata kwa Kiarabu, nawl, ujira wa kusafirishia melini, nacho Kiarabu kiliitoa kwa Wagiriki, naulon. Wagiriki wa kale walimwekea maiti sarafu mdomoni iwe naulon ya mvushaji wa mto wa kuzimu. Kwa hiyo neno la Kiingereza limeanza na safari likaishia kwenye pesa, na letu limeanza na pesa ya majini likapanda nchi kavu hadi kwenye daladala, ambako konda akigonga sarafu kiganjani kila mtu anajua anachodai.

Nani anakwenda?

Ule utata wa Ich fahre, usiosema nani ameshika usukani, haukumsumbua mtu kwa muda mrefu. Sarufi ya Kijerumani ina namna ya kuutatua katika wakati uliopita: bin gefahren ni nilikwenda, habe das Auto gefahren ni niliendesha gari. Mfasiri wa Kiswahili huchagua kati ya -enda na -endesha, kazi imekwisha.

Mwaka 2021 Ujerumani ilipitisha sheria inayoruhusu magari yasiyo na dereva ndani yake kutembea katika maeneo yaliyopangwa. Jambo hilo kwa Kijerumani huitwa autonomes Fahren. Aliyemo ndani husema ich fahre bila kubadili hata herufi, kwa sababu kitenzi chake hakikuwahi kumlazimisha aeleze ni nani mwenye chombo. Anayetafsiri habari hiyo kwa Kiswahili ndiye aliye na kazi: akiandika kujiendesha, mwendeshaji amekuwa gari, akiandika kwenda, teknolojia imetoweka kwenye sentensi, na abiria wa kiti cha nyuma bado anasubiri kuulizwa nauli, wala konda hayupo.